Jina kubwa pekee halitoshi, soma mkataba kabla ya kununua fransaizi

MWANZONI mwa mwaka 2022, wateja walioingia katika mikahawa ya KFC nchini waliarifiwa kwamba chipsi zimekwisha. Badala yake walipewa nafasi ya kuchagua vyakula vingine, ukiwemo ugali. Viazi vilivyoagizwa kutoka ng'ambo vilikuwa vimechelewa baharini.

Wakenya walighadhabika. Waliuliza ni vipi viazi vikosekane Nairobi ilhali wakulima wa Nyandarua wanatafuta soko. Jibu lililotolewa ni kuwa kila anayeiuzia mikahawa hiyo bidhaa sharti kwanza aidhinishwe kulingana na viwango vya kampuni hiyo duniani.

Mjadala wakati huo ulimhusu mkulima. Hata hivyo, kisa hicho kina funzo kwa Mkenya anayepania kuwekeza pesa zake katika fransaizi, yaani mpango ambapo mwenye jina humruhusu mfanyabiashara mwingine kutumia jina, nembo na mbinu zake kwa malipo. Anayenunua jina hununua pia masharti yake. Duka ni lake, kodi ya nyumba na mishahara ni juu yake, lakini hana uhuru wa kuvuka barabara akanunue viazi sokoni.

Ni kweli mpango huu una manufaa. Wateja tayari wanalijua jina, wafanyakazi hupewa mafunzo, na makosa mengi ya mwanzo yamekwisha kurekebishwa na waliotangulia. Hiyo ndiyo sababu majina kama KFC, lililoingia nchini mwaka 2011, na Carrefour, ambalo maduka yake huendeshwa na kampuni ya Majid Al Futtaim ya Dubai tangu 2016, yalipata wateja upesi. Lakini walioyaleta ni kampuni zenye mtaji mkubwa na mawakili. Mstaafu aliyeshika kiinua mgongo chake mkononi hana kinga hiyo.

Jambo la kwanza la kupimwa ni hesabu. Mbali na ada ya kuingia, mikataba mingi hudai mrabaha na mchango wa matangazo, na malipo haya aghalabu hukatwa kutoka kwa mauzo, wala si faida. Tuseme duka linauza bidhaa za Sh1 milioni kwa mwezi na kubakisha Sh80,000 baada ya gharama za kawaida. Ikiwa mrabaha ni asilimia 6 na matangazo asilimia 4, mwenye jina atachukua Sh100,000. Duka limejaa wateja, mwenye jina amepata chake, naye mwekezaji amepata hasara ya Sh20,000.

Kuna pia ushuru. Mrabaha unaolipwa kampuni ya kigeni isiyo na makao nchini hukatwa ushuru wa zuio wa asilimia 20, isipokuwa pale mkataba wa ushuru baina ya nchi mbili unapopunguza kiwango hicho. Iwapo mwenye jina anasisitiza kupokea Sh60,000 kamili, mfanyabiashara atalazimika kutenga Sh75,000.

Thamani ya sarafu nayo ina mitego yake. Mwanzoni mwa 2023 dola moja ilikuwa takriban Sh123. Kufikia Januari 2024 ilikaribia Sh160, kabla ya kushuka hadi karibu Sh130 baadaye mwaka huo. Aliyekuwa na deni la dola 10,000 aliona mzigo wake ukiongezeka kwa zaidi ya Sh350,000 ingawa hakuongeza hata kiti kimoja dukani.

Suala zito zaidi ni la kisheria. Nchini Marekani, muuzaji wa fransaizi hulazimika kumpa mnunuzi maelezo ya kina siku 14 kabla ya kutia saini au kulipa. Afrika Kusini nayo humruhusu mnunuzi kujiondoa bila adhabu katika muda wa siku 10 za kazi baada ya kutia saini. Kenya haina sheria mahususi kuhusu fransaizi. Mnunuzi hutegemea sheria za jumla za mikataba, ushindani na alama za biashara. Kwa hivyo, lile ambalo sheria haikumpa, sharti alidai mwenyewe katika mkataba.

Adai kuonyeshwa hesabu zilizokaguliwa za maduka yaliyopo. Athibitishe katika taasisi ya KIPI kwamba nembo imesajiliwa nchini. Aulize eneo lake ni lipi, na kama mwenye jina anaweza kufungua duka jingine mtaa huo huo. Ahakikishe muda wa mkataba unalingana na ule wa kukodi jengo, na ajue mapema atapoteza nini mkataba ukivunjwa.

Zaidi ya yote, awatafute walionunua kabla yake, hasa waliofunga. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na muuzaji hatawataja kunguni hao.

Mwenye jina akipoteza duka moja, atabaki na mamia. Mwekezaji mdogo ana hilo moja tu, na mara nyingi nyuma yake pana shamba lililouzwa au mkopo wa benki. Wiki chache za kumlipa wakili na mhasibu wausome mkataba ni gharama ndogo kuliko miaka ya kulipa deni la duka lililofungwa.