Mgongo wa Tiger una somo kwa kila mpiga mashuti

OKTOBA 2025 Tiger Woods alirudi tena kwenye meza ya upasuaji. Safari hii madaktari waliondoa diski iliyoharibika kwenye mgongo wake wa chini na kumwekea ya bandia. Ilikuwa mara ya saba kwa mgongo huo kupasuliwa tangu mwaka 2014.

Shabiki wa soka ana haki ya kushangaa. Kwenye gofu hakuna beki anayekuja na daluga juu, hakuna viwiko kwenye kona, hakuna kukimbizana dakika 90. Mtu anatembea taratibu, anasimama, anapiga mpira uliotulia kwenye nyasi. Sasa mgongo unaumiaje hadi upasuaji saba?

Jibu limo kwenye ule mzungusho wa fimbo, ambao wenyewe wanauita swingi. Kwa wachezaji wa PGA Tour, kichwa cha fimbo ndefu kinafika kwenye mpira kikiwa na kasi ya wastani wa karibu kilomita 185 kwa saa. Fimbo ikianza kushuka, hadi inagusa mpira ni kama robo sekunde tu.

Kasi hiyo haianzii mikononi. Inaanzia miguuni, inapita kwenye nyonga, inapanda kifuani na mabegani, ndipo inafika kwenye mikono na fimbo. Ni mambo yaleyale ya shuti kali. Straika anayepiga kwa mguu peke yake anamrudishia kipa pasi. Anayezungusha nyonga na kiwiliwili ndiye anayechana nyavu.

NYONGA IKIGOMA, KIUNO KINALIPA

Nyonga zimeumbwa kuzunguka. Mgongo wa juu, ule ulio nyuma ya kifua, nao unageuka vizuri. Lakini pingili tano za kiunoni kazi yake kubwa ni kubeba uzito, kuinama na kunyooka. Kujisokota haziwezi sana. Zote kwa pamoja zinageuka nyuzi chache tu.

Swingi ya mchezaji wa kulipwa inataka mabega yageuke kama nyuzi 90. Nyonga na kifua vikiwa laini, vinagawana kazi hiyo na kiuno kinabaki salama. Vikiwa vigumu, kiuno kinalazimishwa kufanya kazi isiyo yake, tena kwa kasi, mara mamia kwa siku mazoezini. Tafiti kadhaa za wachezaji gofu wenye maumivu ya kiuno zimekuta nyonga yao ya mbele, yaani ya kushoto kwa anayepiga kwa kulia, haigeuki vya kutosha.

Kwa Tiger, upande huo wa kushoto una historia ndefu. Alianza kupiga mipira akiwa hajafikisha miaka mitatu, na mguu wa kushoto ndio ulikuwa breki ya kila pigo. Mwaka 2008 alibeba US Open pale Torrey Pines akiwa na kano iliyochanika kwenye goti la kushoto na nyufa kwenye mfupa wa mguu huohuo. Alicheza mashimo 91 akichechemea, kisha akaenda kupasuliwa.

Mwaka 2017 madaktari waliunganisha pingili za chini kabisa za mgongo wake. Miaka miwili baadaye, akiwa na miaka 43, alishinda Masters na kufikisha mataji makubwa 15. Sehemu ya mgongo iliyounganishwa haigeuki tena, kwa hiyo ilibidi kazi ihamie sehemu nyingine za mwili. Alishinda kwa kuujua mwili wake mpya, siyo kwa kulazimisha ule wa zamani.

CHUMA PEKEE HAKITOSHI

Wengine wakadhani dawa ni kujaza misuli. Bryson DeChambeau alirudi kutoka mapumziko ya corona mwaka 2020 akiwa ametanuka kama beki wa raga, na Septemba akaichukua US Open pale Winged Foot kwa tofauti ya mikwaju sita. Kila mtu akakimbilia gym. Baadaye Bryson mwenyewe alibadili mlo na kupunguza uzito. Mwaka 2024 aliibeba tena US Open, safari hii Pinehurst, akiwa mwembamba zaidi. Wingi wa nyama ulipungua, lakini bado anapiga mbali kuliko karibu wote.

Rory McIlroy ni somo jingine. Ana urefu wa kama mita 1.75 tu, ila mipira yake inaruka zaidi ya yadi 300. Alipoanza kunyanyua vyuma wapo wachambuzi waliodai atajiharibu. Haikuwa njia laini: mwaka 2017 mbavu zilimweka nje. Na mwaka 2015 alikosa kutetea taji lake la The Open kwa sababu ya soka, baada ya kuumia kifundo cha mguu akipiga mpira na marafiki zake. Lakini aliendelea kujifua, na Aprili 2025, baada ya kusubiri miaka 11, alishinda Masters na kuwa mtu wa sita tu katika historia kukamilisha mataji yote manne makubwa.

PENGO LA NYUMBANI

Hapo ndipo habari hii inapofika Afrika Mashariki. Kenya Open imo kwenye ratiba kuu ya Ulaya tangu 2019. Wenyeji wengi walijifunzia mchezo kwenye ukedi, wakibeba mikoba ya wengine. Wageni wao wanatoka kwenye ziara yenye wataalamu wake wa tiba ya viungo. Kipaji kinaweza kulingana, lakini anayetunzwa mwili ana miaka mingi zaidi ya kukitumia.

Uzuri ni kwamba kulainisha nyonga na mgongo wa juu hakuhitaji mashine. Kunahitaji sakafu, dakika kumi na nidhamu ya kila siku. Hata kujipima ni rahisi: kaa kwenye kiti, bana magoti, kunja mikono kifuani, kisha geuka kulia na kushoto bila kusogeza nyonga. Asiyefika nyuzi 45, yaani nusu ya kugeuka kabisa pembeni, ana kazi ya kufanya kabla hajagusa chuma.

Kipimo hicho kinamhusu winga wa mtaani pia. Nyonga ngumu huandamana mara nyingi na yale maumivu ya kinena yanayowaweka wachezaji benchi, na kocha anayewapa vijana wake mizunguko ya uwanja bila kugusa nyonga anawapa pumzi tu. Pumzi inamfikisha mchezaji dakika ya 90. Viungo ndivyo vinavyomfikisha miaka 35.