Mtoto Kalala, Sisi Macho Kodo

Kama una mtoto mchanga ndani ya nyumba, basi natumaini jana umepata hata saa nne za usingizi. Mimi mwaka jana kuna miezi sikulala kabisa. Na usidhani mtoto ndiye aliyeninyima usingizi, maana mwenyewe alikuwa anauchapa vizuri tu. Tatizo lilikuwa soksi.

Ngoja nianze mwanzo. Mwanangu Baraka alizaliwa akiwa na wiki 35, yaani aliwahi kama wiki tano. Kabla yake mimba yetu ya kwanza ilikuwa imetoka. Kwa hiyo siku tuliyoruhusiwa kurudi nyumbani, mimi na mume wangu tulikuwa na furaha mikononi na hofu kifuani. Usiku nilikuwa naamka naweka kidole chini ya pua ya mtoto kuhakikisha anapumua. Nikirudi kulala, Baba Baraka naye anaamka anaweka chake. Maskini mtoto wa watu, vidole vyetu ndivyo vilivyokuwa vinamwamsha!

Wifi yangu anayeishi Houston akasikia vituko hivyo. Alipokuja likizo akatuletea zawadi: kisoksi kidogo chenye kifaa ndani yake. Unamvalisha mtoto, unaunganisha na simu, halafu unaona mapigo ya moyo na kiasi cha oksijeni kwenye damu. Namba zikikaa vibaya, kengele inalia. Jamani, nililia kwa furaha.

Kama kipindi cha Korona uliwahi kubanwa kidole na kile kidude cha kupima oksijeni, basi soksi hii ni mdogo wake. Ufundi huo aliubuni Mjapani, mhandisi Takuo Aoyagi, miaka ya 1970. Kifaa kinamulika ngozi kwa mwanga wa aina mbili, mwekundu na ule usioonekana kwa macho. Damu yenye oksijeni nyingi na yenye oksijeni kidogo hazimezi mwanga huo kwa namna moja, na kutokana na tofauti hiyo kifaa kinakadiria namba. Ni teknolojia ya hospitali, imeshonewa kwenye soksi.

Wiki mbili za kwanza tulikipenda kuliko televisheni. Tunakula huku tunaangalia namba. 98! 99! Baba Baraka akaweka programu ile kwenye simu yake pia, maana kazi yake ni ya kusafiri.

Hapo ndipo balaa lilipoanza.

Saa tisa usiku simu inaita. Baba Baraka, yuko Mwanza. "Mama Baraka, mtoto kafanyaje? Huku kwangu inalia!" Nikaruka kitandani nusura nijikwae kwenye chandarua. Baraka kalala zake chali, mdomo wazi, anakoroma kama mzee. Soksi ameitupa kwa teke, inapima oksijeni ya godoro. Mwezi ule ilitokea mara sita. Mara soksi imelegea, mara umeme umekatika, mara intaneti imegoma. Nikawa natania kwamba kifaa kimeletwa na wifi na kinaharibiwa na waifai. Lakini moyoni sicheki. Baba Baraka anauliza kwa nini sikuifunga vizuri. Mimi namjibu kwamba anayemlea mtoto ni mimi, yeye anaangalia namba tu. Tukanuniana. Asubuhi hatuulizani tena "umelalaje, mke wangu?" Tunaulizana "usiku ilishuka mpaka ngapi?"

Baraka alipofikisha miezi minne, mama mkwe akaja kutoka Singida kumwona mjukuu. Siku ya tatu mtoto akaanza kukohoa. Nikaangalia simu: oksijeni 96, rangi ya kijani. Nikatulia. Jioni mama akaniita chumbani. Amemvua mtoto fulana, anamtazama tumbo.

"Mwanangu, hebu njoo. Mbona huyu anapumua kama aliyetoka kukimbia?"

Nikamwonyesha simu. "Mama, namba zake ziko sawa."

Hata hakuiangalia. "Hiyo simu imelea watoto wangapi? Vaa twende hospitali."

Tukaenda. Nesi hakuanza na kidude chochote. Alimfunua mtoto kifua, akatazama saa yake kwa dakika nzima akihesabu kimya kimya. Pumzi 58. Halafu akanionyesha kitu ambacho sikuwahi kukitazama: kila Baraka akivuta pumzi, sehemu ya chini ya mbavu ilikuwa inabonyea ndani. Nimonia. Tulilazwa, akaanza dawa usiku ule ule, na namshukuru Mungu siku ya nne tulirudi nyumbani naye akicheka.

Soksi haikusema uongo. Oksijeni ilikuwa bado haijashuka. Ila soksi ile haihesabu pumzi, wala haioni mbavu. Na boksi lake lilikuwa limeandika wazi kwamba si kifaa cha kutambua ugonjwa. Mimi ndiye niliyeipa kazi isiyo yake.

Baada ya hapo nikafanya nilichopaswa kufanya kabla. Nikasoma. Kampuni inayojulikana zaidi kwa soksi hizi ni Owlet ya Utah, Marekani (ya kwetu ni ya kampuni nyingine). Mwaka 2021 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, iliipa onyo kwa kuuza soksi yake bila kibali cha kifaa tiba, ikaacha kuiuza nchini humo. Mwaka 2023 ikapata vibali viwili: kimoja cha soksi ya watoto wazima wa mwezi 1 hadi 18, kingine cha soksi inayotolewa kwa agizo la daktari. Yaani vitu hivi vimepiga hatua, tusivibeze.

Lakini sikia na haya. Mwaka 2018 jarida la kitabibu la JAMA lilichapisha jaribio la watafiti wa hospitali ya watoto ya Philadelphia. Walilinganisha vifaa viwili vya madukani na mashine ya hospitali, kwa watoto 30. Kimoja kiligundua oksijeni iliposhuka, lakini si kila mara. Kingine hakikugundua hata mara moja. Na Desemba 2020 utafiti mwingine wa Marekani, huu wa wagonjwa watu wazima, ulionyesha kwamba vile vidude vya kidoleni vilikosa kuona upungufu wa oksijeni kwa watu weusi karibu mara tatu zaidi ya weupe. Haukuwa utafiti wa soksi wala wa watoto, lakini mwanga ni ule ule unaopita kwenye ngozi, na sisi ngozi zetu tunazijua.

Na kile kifo cha ghafla cha usingizini ambacho wazazi wa Ulaya na Marekani wanakiogopa sana? Chama cha madaktari wa watoto cha Marekani, katika mwongozo wake wa 2022, hakishauri kutumia vifaa vya nyumbani kama njia ya kukizuia. Kilichosaidia ni kitu cha bure. Mwaka 1994 Wamarekani walianza kampeni ya kuwalaza watoto chali, na katika miaka iliyofuata vifo hivyo vikapungua kwa takribani nusu. Chali, bila betri!

Kwa hiyo, mpenzi msomaji, kabla hujamwagiza shoga yako wa ughaibuni, fanya haya kwanza. Mlaze mtoto chali kila mara, kwenye godoro gumu kidogo. Toa mito, midoli na blanketi zito kitandani. Chandarua kichomekwe vizuri. Usimvalishe kofia na sweta ndani ya joto la Dar utafikiri mko Makete. Alale chumba kimoja na nyie lakini sehemu yake, na asivutiwe sigara karibu.

Halafu jifunze kuhesabu pumzi. Mtoto akiwa ametulia, mfunue kifua na tumbo, hesabu dakika nzima. Kwa vipimo vya Shirika la Afya Duniani, WHO, pumzi 60 au zaidi kwa mtoto chini ya miezi miwili ni haraka mno. Miezi miwili mpaka kabla ya mwaka ni 50 au zaidi. Mwaka mmoja mpaka mitano ni 40 au zaidi. Akifika hapo, au kifua kikibonyea, au akigoma kunyonya, au akilegea, usisubiri kupambazuke na usimpigie shoga yako kwanza. Nenda hospitali, hata simu ikiwa ya kijani.

Kama mtoto wako ana tatizo la moyo au mapafu na daktari amesema apimwe oksijeni nyumbani, hayo ni mengine. Fuata maelekezo ya daktari wako, si ya kwangu.

Je, soksi yetu iko wapi? Iko kabatini, imekunjwa vizuri, wifi asije akakasirika. Siku tuliyoiweka humo ndipo mimi na mume wangu tukakaa chini na kuongea kwa mara ya kwanza kuhusu ile mimba iliyotoka. Nilidhani mwenzangu alishasahau. Kumbe zile simu za saa tisa usiku kutoka Mwanza zilikuwa kilio chake, ila hakujua kukilia kwa namna nyingine. Siku hizi tuna zamu: mpaka saa nane usiku ni mimi, kuanzia hapo ni yeye, na akiwa safarini anapiga saa tatu usiku, ananiuliza mimi kwanza ndipo aulize mtoto.

Baraka sasa anatembea. Jana nimemkuta kwenye kabati, ameivaa ile soksi mkononi.

Mlindeni mtoto, na mlindane na nyie. Tukutane mwezi ujao!