Tiketi ya ndege: tuhesabu masaa vizuri



Likizo inakaribia, na kati yetu kuna wanaosafiri na watoto kwenda Kinshasa kwa mjomba ao shangazi. Juma hili tusome tiketi ya ndege pamoja, kwa sababu masaa yaliyoandikwa pale yanaweza kutudanganya.

Tiketi ya Lubumbashi–Kinshasa inaweza kusema: kuondoka 10:00, kufika 11:30. Mama anahesabu saa moja na nusu, anatayarisha chupa moja tu ya maziwa. Lakini nchi yetu ina majira mawili ya saa. Kinshasa iko nyuma yetu kwa saa moja. Iko nyuma vilevile ya Goma, Bukavu, Kisangani na Mbuji-Mayi. Tiketi inaandika kuondoka kwa saa ya mji unaotoka, na kufika kwa saa ya mji unaofikia. Ndege ikitua kule 11:30, huku kwetu ni 12:30: mtoto amekaa hewani masaa mawili na nusu. Kurudi ni kinyume. Kuondoka 14:00, kufika 17:30, inaonekana masaa matatu na nusu. Kumbe ni yale yale mawili na nusu.

Asiyeamini apime. Chukua ramani ya shule, uzi na rula. Nyoosha uzi toka Lubumbashi mpaka Kinshasa. Ikiwa ramani inaonyesha sentimeta 1 kwa kilometa 50, utapata sentimeta 31 hivi, yaani kilometa 1,550. Kwa barabara ni zaidi ya 2,000, lakini ndege haizunguki kona. Ndege ya jeti inakwenda karibu kilometa 800 kwa saa, basi ni kama masaa mawili. Ongeza nusu saa ya kupaa na kutua. Ndege ya propela inakawia zaidi. Tuulize mbele ya kulipa.

Sasa tufanye hivi:

Maziwa na nepi tuzihesabu toka mlango wa nyumba mpaka mlango wa shangazi: njia ya kwenda uwanjani, kungoja ndege, kuruka, kungoja mizigo. Halafu tuongeze akiba, maana ndege huchelewa.

Dawa ya kila masaa 8 tuihesabu kwa masaa yaliyopita, si kwa kutazama saa ya ukutani Kinshasa. Dawa zikae katika mfuko wa mkononi, zisiende na mizigo mikubwa.

Mtoto akisafiri na mtu mwingine, tumwambie anayempokea: “Anafika 11:30, saa ya Kinshasa.” Maneno hayo matatu ya mwisho yasisahauliwe. Akihesabu kwa saa yetu atakuja mapema saa nzima, na atangoja bure uwanjani.

Mwenye tiketi aje nayo kwenye mkutano, tuihesabu pamoja.