Udongo Wetu Si Aibu

Liko tusi moja ambalo Mwafrika hujitukana mwenyewe bila kujua kwamba anajitukana. Mwulize mtu habari za nyumba yake ya udongo, hata iwe imenyooka, imepakwa chokaa na uwanja wake umefagiwa vizuri. Atatazama chini na kukujibu: "Tumejibanza tu hapa, ndugu yangu, bado hatujajenga." Amelea watoto humo, amewauguza wazazi wake humo, amepokea wageni humo, walakini anasema bado hajajenga. Kwake yeye kujenga ni saruji. Kisicho saruji si nyumba, na asiyekuwa nayo hajawa mtu kamili.

Juma hili twataka kusema juu ya tusi hilo, maana linatugharimu kuliko kodi yoyote.

Tusi hili halikuzaliwa nasi. Katika Dar es Salaam ya wakoloni, Wajerumani na baada yao Waingereza waliugawa mji kwa kanuni za ujenzi. Kando ya bahari, kwenye upepo, zilitakiwa nyumba za namna ya Ulaya. Katikati ya mji zilikuwa nyumba na maduka ya Wahindi. Nyumba ya miti na udongo ilipewa nafasi yake nyuma, upande wa Kariakoo na Ilala. Kwa maandishi ilikuwa kanuni ya namna ya kujenga tu, lakini kila mtu aliona kazi iliyofanya. Uzunguni, Uhindini na Uswahilini vilitengwa kwa kuta. Tangu hapo ukuta wa udongo ukawa alama ya mtu wa chini, na mtoto wetu akafundishwa kuuonea haya ukuta wa baba yake.

Na kabla ya kanuni hizo je, tulilala mitini? Kilwa Kisiwani bado yanasimama magofu ya Husuni Kubwa, jumba la karne ya 14, lililojengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa iliyochomwa papo hapo pwani. Ugogoni, ambako mvua ni haba na miti mirefu ni michache, watu walijenga tembe, nyumba ya kuta nene na dari ya udongo, yenye ubaridi mchana na joto usiku. Bukoba, ambako mvua ni nyingi, wakajenga msonge wa nyasi unaomwaga maji tangu kileleni hadi chini. Pwani ikatupa nyumba ya vyumba sita: baraza mbele, ukumbi katikati, ua nyuma, boriti za mikoko, na kuta za miti, mawe na udongo. Nyumba za namna hiyo ndizo zilizowapokea wageni wa Kariakoo kabla ya shirika lolote la nyumba kuanzishwa. Mwenye nyumba alilala chumba kimoja, akapangisha vingine, na mtu aliyekuja mjini bila ndugu akapata pa kulaza ubavu. Wazee hao walitazama kwanza nchi yao ina nini, ndipo wakajenga. Walijua kwamba fimbo ya mbali haiui nyoka.

Uhuru ulipopatikana, Serikali yetu ilitaka kwa moyo safi kuwatoa watu katika nyumba mbovu. Shirika la Nyumba la Taifa likaundwa mwaka 1962. Katika Dar es Salaam, Magomeni ikiwa mfano mmoja, nyumba kuukuu za udongo zilibomolewa na mahali pake pakajengwa za matofali. Nia ilikuwa njema, lakini hesabu ilikataa. Ukibomoa nyumba moja na kujenga moja, umetumia fedha nyingi na hujaongeza hata mlango mmoja. Kwa hiyo katika miaka ya 1970 njia iligeuzwa. Sehemu kama Sinza na Kijitonyama vilipimwa viwanja, ikapitishwa barabara na maji, na mwananchi akaachiwa kazi ya kuinua nyumba kwa kadiri ya uwezo wake. Hilo lilikuwa somo kubwa, nalo halijazeeka.

Mwaka 1977, katika taarifa yake ya miaka 10 ya Azimio la Arusha, Mwalimu Nyerere aliuita ugonjwa huu kwa jina lake. Alisema kwamba saruji asili yake ni udongo, ila ni udongo ulaya. Aliwashangaa watu wanaokataa nyumba ya matofali ya kuchoma na vigae, wakakaa wakingoja bati na udongo ulaya huo. Aliona kwamba kilichofungwa hapo ni akili, si mikono.

Wako watakaotujibu kwamba siku hizi saruji si ya Ulaya tena. Ni kweli, nasi twafurahi. Kiwanda cha Wazo Hill kilianza kazi mwaka 1966, vya Tanga na Mbeya vikafuata mwanzoni mwa miaka ya 1980, na Mtwara ikapata kiwanda kikubwa mwaka 2015. Hatuitukani saruji. Ni kifaa kizuri, na fundi mwenye busara huiweka mahali ambapo udongo hauwezi kazi: chini ya ukuta, juu ya milango na madirisha, sakafuni, na kwenye shimo la choo. Tunachopinga ni kuifanya mungu, mpaka mtu asiyeweza kuinunua kwa nyumba nzima akose nyumba kabisa.

Tazameni kando ya barabara zetu kuu. Mtazihesabu nyumba zisizokwisha, zile watu wanazoziita mapagala. Msingi umemwagwa, kuta zimefika kwenye linta, kisha fedha zimekwisha. Majani yameota chumbani, na mbuzi ndiye mpangaji. Mwenye mali aliuza ng'ombe na sehemu ya shamba ili anunue saruji, kisha akarudi kupanga chumba kimoja kinachovuja, akilipa kodi kila mwezi huku mali yake inaliwa na mvua. Wengine wameingia katika madeni ambayo watoto watayarithi. Watu hao si wavivu hata kidogo. Waliogopa kuitwa maskini, na hofu hiyo ikawafanya maskini kweli.

Wahenga walinena: nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Basi na tuulize maswali ya ndani. Je, wanaolala humo hawalowi mvua inaponyesha? Je, wanapata hewa? Je, mbu wanazuiwa? Je, choo kipo, na kiko mbali na kisima? Je, mwenyewe analala bila deni? Nyumba inayojibu ndiyo kwa maswali hayo ni nyumba bora, hata ukuta wake ukiwa umetoka shimoni nyuma ya ua.

Lakini hapa lazima tuseme neno gumu kwa upande wa pili. Rahisi si sawa na mbovu. Hatumwambii mtu ajenge kibanda ovyo kisha akiite uzalendo. Tetemeko la tarehe 10 Septemba, 2016 mkoani Kagera liliangusha nyumba nyingi na kuua watu, na nyumba za matofali zilizojengwa bila kufungwa vizuri ziliumia sana, ziwe za tofali bichi au la kuchoma. Mafuriko ya Desemba 2011 katika bonde la Msimbazi yaliwatoa watu wa Jangwani na jirani zao, na wengine wakahamishiwa Mabwepande. Mahali penyewe palikuwa njia ya maji, na maji hayaulizi ukuta ni wa nini.

Adui wa nyumba ya udongo anajulikana: ni maji, nayo huja kwa njia mbili, kutoka chini na kutoka ubavuni. Kwa hiyo jenga penye mwinuko. Msingi uwe wa mawe au matofali ya kuchoma, nao upande juu ya ardhi si chini ya futi moja. Mapaa yatokeze nje ya ukuta futi mbili, ili mvua isipige ubavu. Chimba mfereji wa kuondoa maji. Fungia kuta pembeni kwa kupishanisha matofali, na juu yake pitisha mkanda wa boriti au zege unaozunguka nyumba nzima. Usiache ukuta mrefu ukasimama peke yake bila ukuta wa kuushika.

Udongo wenyewe nao una elimu yake. Tia udongo katika chupa, ongeza maji, tikisa, kisha iache itulie mpaka kesho. Mchanga utalala chini, udongo mfinyanzi utakaa juu. Ukiona mfinyanzi ni mwingi mno, tofali litapasuka likikauka. Ukiwa haba mno, litamomonyoka. Basi changanya mpaka upate kiasi. Lifyatue, likaushe kivulini taratibu, usiharakishe kwa jua kali. Ikiwa utachoma, pumba za mpunga zafaa sana palipo na mpunga, maana tanuri la kuni hula msitu, na msitu ukiisha mvua nayo itatuaga. Palipo na mashine ya mkono ya kushindilia, udongo uliotiwa saruji kidogo hutoa tofali gumu lisilohitaji moto hata kidogo. Mashine ya namna hiyo ilibuniwa Bogotá, Colombia, katika miaka ya 1950, na watu wenye shida kama zetu. Vijana watano wa tawi moja wakijifunza kuitumia wana kazi ya mwaka mzima.

Ukishajenga, usisahau kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Nyumba ya udongo hutaka kukandikwa na kupakwa chokaa kila baada ya masika. Ni kazi ya siku chache, na haina fundi wa mbali.

Nasi twashauri jambo la kiasi. Anza na vyumba viwili na choo, vikamilike, uhamie. Acha nafasi ya kuongeza. Vyumba viwili vyenye paa ni bora kuliko sita visivyo na paa. Na usijaze humo makochi ya mkopo yanayokaliwa na mgeni mmoja kwa mwaka, huku watoto wanalala chini bila chandarua. Kuishi kwa kiasi si kujinyima. Ni kuchagua kwamba fedha yako ikusomeshee mtoto, ikuponye mgonjwa, ikununulie jembe, kabla ya kukununulia sifa za jirani.

Sasa tunageuka kwa viongozi, maana haifai maneno haya yawe mahubiri ya kuwahubiria wanyonge peke yao. Kiongozi anayemwambia mkulima aridhike na udongo, naye mwenyewe anazungusha ukuta wa zege ulio mrefu kuliko nyumba ya mkulima huyo, anatukana mara mbili. Ofisi ya tawi na nyumba ya mwalimu ziwe za kwanza kujengwa kwa matofali ya pale pale, zijengwe vizuri, zipendeze, ili watu waone kwa macho. Halmashauri nazo zisimkatalie mtu kibali kwa sababu ukuta wake ni wa udongo ulioimarishwa vema. Zipime uimara na afya, zisipime aibu ya kikoloni. Na wala kiasi kisiwe kisingizio cha Serikali. Mwananchi anaweza kuinua ukuta wake, lakini hawezi peke yake kupima viwanja vya mji mzima, kupitisha mabomba ya maji wala kuchimba mitaro. Hizo ni kazi za umma, na umma una haki ya kuzidai.

Tunajua kwamba jambo hili lawezekana, kwa kuwa tuliwahi kulifanya. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wapatao milioni 2 katika vikundi, wakasikiliza redio, wakajadiliana, kisha wakatoka na majembe kuchimba vyoo na kufyeka mazalio ya mbu. Hawakungoja mfadhili. Wakati wa hesabu ya watu ya mwaka 1967 Tanzania tulikuwa kama milioni 12. Hesabu ya 2022 imetukuta 61,741,120. Watu wote hao hawawezi kungoja saruji ndipo walale chini ya paa.

Basi, ndugu wanachama, tunatoa kazi moja kwa kila tawi. Tafuteni katika kijiji au mtaa wenu mtu mmoja asiye na makao ya heshima: mjane, mzee asiye na mtoto, au yatima wanaojilea. Tafuteni udongo ulio karibu, mwiteni fundi mzee anayejua kukandika na kijana anayejua kupima, shirikianeni kama zamani, na mwinulieni vyumba viwili na choo kabla ya masika yajayo. Mkishamaliza, paka chokaa mlango, kisha mwulizeni mwenye nyumba kama amejenga au bado.

Uhuru na Kazi!