Asiyekuwepo na lake halipo? Kura ya Masisi na Rutshuru bado ina wenyewe

Goma, Kivu ya Kaskazini – Wahenga walisema: asiyekuwepo na lake halipo. Tarehe 20 Desemba 2023 methali hiyo iligeuzwa kuwa sheria juu ya vichwa vya watu wa Masisi na Rutshuru.

Siku hiyo Kongo ilichagua rais, wabunge wa kitaifa na wabunge wa mikoa. Kivu ya Kaskazini ina majimbo 9 ya uchaguzi wa bunge la kitaifa. Saba yalipiga kura: miji ya Goma, Beni na Butembo, na wilaya za Beni, Lubero, Walikale na Nyiragongo. Mawili, Masisi na Rutshuru, hayakuchagua mtu hata mmoja. Kwamouth, kule mkoani Mai-Ndombe, nayo iliachwa nje.

Tume ya uchaguzi, CENI, ilisema sababu ni usalama. Hiyo ni nusu ya ukweli. M23 waliteka Bunagana Juni 2022, wakaingia Kiwanja na Rutshuru mjini mwisho wa Oktoba, kisha Kitshanga Januari 2023. Hakuna mwenye akili aliyetaka wakala wa CENI apande Bunagana na mashine yake mgongoni.

Lakini nusu ya pili haikusemwa. Maelfu kwa maelfu ya wapiga kura hawakuwa tena Bunagana wala Kitshanga. Walikuwa Kanyaruchinya, Bulengo, Lushagala na Rusayo, chini ya mabashi, pembeni kabisa ya mji wa Goma. Walihesabiwa kila mara kwa ajili ya unga na maharagi. Walipewa jetoni. Mashirika yalijua familia ngapi zimetoka kijiji gani. Kila mtu aliweza kuwapata, isipokuwa sanduku la kura la kwao.

Hata mhami aliyebahatika kupata kadi akiwa Goma au Nyiragongo hakukuta kwenye mashine jina la mgombea ubunge wa Masisi wala wa Rutshuru. Mtu wa Kiwanja angeweza kumchagulia mwenyeji wake mbunge. Wa kwao mwenyewe, hapana.

Mashine ilivuka bahari

Katika uchaguzi huo huo, CENI iliandikisha na kupigisha kura Wakongomani wanaoishi katika nchi 5 za ng'ambo: Afrika Kusini, Ubelgiji, Ufaransa, Kanada na Marekani. Ilikuwa kura ya rais tu, na watu wao walikuwa wachache. Ni haki yao, na hakuna wa kuwaonea wivu. Lakini jambo moja lilidhihirika: serikali ikitaka, mtu anaweza kupiga kura akiwa mbali na kwao.

Basi mashine ilipanda ndege hadi Brussels na Paris. Kutoka Goma mjini hadi Kanyaruchinya motari anafika kabla injini haijapata moto vizuri. Nani ataamini kwamba tatizo lilikuwa umbali?

Nchi nyingine zilizopigwa na vita zilishaonyesha njia. Irak, mwaka 2018, wahami wa Mosul walipigia kura makambini, wakichagua wabunge wa mkoa wao wa Ninawi. Na si vita tu. Huko Marekani, baada ya kimbunga Katrina kutawanya watu wa New Orleans, jimbo la Louisiana liliweka vituo vya kura katika miji mingine mwaka 2006, ili waliohama wamchague meya wa mji waliotoka. Hakuna aliyewaambia kwamba kwa kuwa nyumba zao zimezama, basi na mji si wao tena.

Beni na Butembo wanaijua hadithi hii

Wanaosema "ngojeni amani, mtapiga baadaye" waende Beni na Butembo wakaulize. Desemba 2018 majimbo hayo, pamoja na Yumbi kule Mai-Ndombe, yaliambiwa yasubiri kwa sababu ya Ebola na mauaji. Vijana wa Beni walijipangia kura yao wenyewe tarehe 30 Desemba, wakasimama mistari mirefu, ili dunia ione kwamba watu wapo. Rais aliapishwa tarehe 24 Januari 2019. Wao waliitwa kuchagua wabunge tarehe 31 Machi, rais akiwa tayari ikulu.

Hesabu ni rahisi. Katika chaguzi mbili zilizofuatana, majimbo 5 kati ya 9 ya mkoa huu yamewekwa kando kwa zamu: Beni mji, Beni wilaya na Butembo kwanza, halafu Masisi na Rutshuru. Likitokea mara moja, mtu atasema ni ajali. Likirudi mara ya pili limekuwa desturi, na desturi isiyopingwa hugeuka haki ya yule anayeifanya.

Tena CENI inajua kurudi mahali inapotaka. Masimanimba, Kwilu, na Yakoma, Ubangi Kaskazini, kura zao zilifutwa kwa sababu ya udanganyifu. Tarehe 15 Desemba 2024, hata mwaka mmoja haujatimia tangu zifutwe, watu wa huko walipiga upya. Ni kweli, Masimanimba hakukuwa na vita. Lakini huko kosa lilikuwa la wanasiasa walioiba, na raia wakarudishiwa kura yao. Huku hakuna raia aliyekosa lolote, na ndiye aliyeambiwa angoje bila tarehe.

Kadi si ya kura tu

Wasioishi Kongo hudhani kukosa uandikishaji ni kukosa siku moja ya kusimama mstari. Sivyo. Nchini hii kadi ya mpiga kura ndiyo kitambulisho cha raia wa kawaida. Ndiyo anayoonyesha kwenye kizuizi cha barabarani, anaponunua laini ya simu, anapopokea pesa alizotumiwa na mtoto aliye mbali.

Watu wa Masisi na Rutshuru walibaki na kadi za uandikishaji wa 2016 na 2017, tena wale ambao kadi zao hazikuungua na nyumba. Maandishi yamefutika kwa jasho na mvua, sura haionekani. Mama aliyekimbia usiku na watoto mgongoni hakukumbuka kuchukua kadi. Leo akisimamishwa barabarani anaulizwa: wewe ni nani, umetoka wapi, nani anakujua? Katika mashariki ya Kongo swali hilo linaweza kumaliza maisha ya mtu.

Anayenyimwa ni nani?

Januari 2024 CENI ilitangaza matokeo ya viti 477 kati ya 500. Bunge likaanza kazi. Likachagua spika, na mwezi wa Juni likapitisha serikali ya Judith Suminwa. Hata akikaa ndani yake mtu anayejiita sauti ya Masisi au ya Rutshuru, mwaka 2023 hakuna mpiga kura wa huko aliyemtuma.

Na hapo ndipo uchungu ulipo. Kivu ya Kaskazini iko chini ya hali ya dharura ya kijeshi tangu Mei 2021. Katiba inataka bunge liombwe ruhusa kila siku 15 ili hali hiyo irefushwe. Gavana akawa mwanajeshi, bunge la mkoa likasimamishwa. Yaani wanaotawaliwa kwa dharura hiyo ndio waliokosa kumchagua mtu wa kusema ndiyo au hapana kuhusu dharura yenyewe.

M23 nao wasijipake mafuta kwa maneno haya. Wao ndio waliofukuza watu mashambani, na wao ndio kizuizi cha kwanza cha kura ya Rutshuru na Masisi. Tangu walipoteka Goma mwisho wa Januari 2025 wamejiwekea gavana wao, na hakuna raia aliyeulizwa. Kwa hiyo mkoa mmoja umepata magavana wa pande mbili, wote wameletwa, hakuna aliyechaguliwa. Anayesema anapigania watu wasiosikilizwa, awaache basi waseme.

"Watajuaje nani ni wa Masisi?"

Hili ndilo pingamizi linalonong'onwa zaidi, na lazima lijibiwe waziwazi. Wengine wanaogopa kwamba kuandikisha wahami ni kufungulia wageni mlango. Wengine hutumia hofu hiyo kumnyima jirani yao uraia kwa kumtazama pua.

Jibu lipo. Uandikishaji wa 2016 na 2017 ulichukua alama za vidole, na majina ya Masisi na Rutshuru yamo kwenye orodha zile. Mtu anaweza kupoteza kadi, vidole hawezi kuvisahau nyumbani. Kwa vijana waliotimiza miaka 18 baadaye, wazazi wao wamo kwenye orodha, na machifu wa vijiji wengi walikimbia pamoja na watu wao. Orodha yenye alama za vidole inamlinda mwenyeji kuliko mnong'ono wa barabarani.

Linalosikitisha ni kwamba wakati mwepesi wa kufanya kazi hiyo umepita. Miaka 2 na zaidi watu walikuwa mahali pamoja, kijiji kwa kijiji. Februari 2025 makambi ya Goma yalivunjwa. Waliokuwa humo wametawanyika: wengine wamerudi kwenye nyumba zisizo na mabati, wengine wako Nakivale na Rwamwanja nchini Uganda, wengine Musenyi nchini Burundi, wengine wanalala kwa ndugu. Kila mwezi unaopita unafanya hesabu kuwa ngumu zaidi.

Viti vinaweza kupotea kabisa

Uchaguzi ujao unatarajiwa 2028. Wengi hawajui kwamba sheria ya uchaguzi hugawa viti vya bunge kwa idadi ya walioandikishwa, si kwa idadi ya wakaaji. Mtu asiyeandikishwa haongezi kitu. Akiandikishwa mahali pengine kama mkaaji wa huko, anaongeza uzito wa huko na kupunguza wa kwao. Wahami wasipoandikishwa kwa jina la wilaya zao, Masisi na Rutshuru zitapungukiwa na wabunge hata siku amani itakaporudi. Aliyefukuzwa kwa bunduki atafukuzwa mara ya pili kwa hesabu. Na hali hiyo sasa inaikabili Goma yenyewe na Nyiragongo.

Basi mambo yanayodaiwa si mengi. Sheria itamke kwamba mhami na mkimbizi anabaki mpiga kura wa wilaya yake, popote alipo. CENI ianze kuandikisha sasa, bila kungoja mwaka wa mwisho, na impe kila mmoja kadi mpya. Viti vya wilaya zisizoweza kuandikisha kwa ajili ya vita visiguswe. Na katika mazungumzo ya Doha na kokote kwingine, kura ya waliofukuzwa iwekwe mezani pamoja na habari za vyeo na majeshi.

Wahami nao wasilale. Anayeshika kadi ya zamani, hata kama imefutika, aitunze na aandike namba yake mahali pengine. Wazee wa vijiji waweke orodha za watu wao kwenye daftari, jina na kijiji. Siku mgombea atakapokuja kuomba kura, aulizwe kwanza: watu wa Masisi na Rutshuru watapigia wapi?

Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo. Lakini hawa wapo. Walifukuzwa, hawakujiondoa.