Shamba Linaonekana Brussels, Bei Haionekani Muleba

Mtu wa chama cha ushirika anafika kibanjani, wilayani Muleba mkoani Kagera, na simu mkononi. Anawasha GPS, anamwomba mwenye shamba amtangulie kwenye mpaka, na wote wawili wanauzunguka: wanapita nyuma ya jiko, wanakatiza kwenye migomba, wanaruka mfereji, wanarudi walipoanzia. Kwenye kioo cha simu linatokea umbo lenye kona nyingi. Anajaza jina, namba ya simu na idadi ya mibuni, anapiga picha, anaaga. Mama mwenye kibanja anabaki amesimama mlangoni, hajui taarifa zile zimekwenda kwa nani.

Kazi ya namna hii imeenea katika maeneo ya kahawa ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sheria iliyotungwa Brussels. Kanuni ya Umoja wa Ulaya namba 1115 ya mwaka 2023 inagusa bidhaa 7: ng'ombe, kakao, kahawa, mawese, mpira, soya na mbao. Anayeingiza bidhaa hizo Ulaya lazima aonyeshe zilikotoka mpaka kwenye shamba lenyewe, na athibitishe kwamba msitu haukukatwa hapo baada ya Desemba 31, 2020. Kwa shamba lisilozidi hekta 4 inatosha nukta moja ya latitudo na longitudo. Likizidi hapo, mpaka wote uchorwe. Sheria ilikuwa ianze kutumika mwisho wa 2024. Imeahirishwa mara mbili, na sasa kampuni kubwa zimepewa hadi Desemba 30, 2026.

Sina ugomvi na lengo la sheria hii. Kati ya 1990 na 2020 dunia ilipoteza hekta milioni 420 za misitu, kwa hesabu za Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, na mkulima wa Rombo, Kilimanjaro, anayeona mifereji ya mababu ikikauka hahitaji kufundishwa thamani ya msitu. Nashangilia pia kwamba simu ya kawaida leo inaweza kufanya kazi ambayo zamani ilihitaji mpima ardhi na vyombo vyake. Ninachouliza ni kitu kimoja: taarifa zinapanda kutoka kibanjani hadi Ulaya, je, kuna chochote kinachoshuka?

Lakini kwanza tuangalie mitambo yenyewe, maana nayo ina mipaka yake. Sheria inataka nukta iandikwe kwa tarakimu 6 baada ya desimali. Tarakimu ya sita ni umbali wa sentimita 10 hivi. Simu ya kawaida, tena chini ya migomba na miti ya miruka, hukosea kwa mita kadhaa. Kilimanjaro, Mchagga huweka mpaka wa kihamba, shamba lake la nyumbani, kwa masale, mmea uleule anaoutumia kuomba radhi, na majirani wanaujua mpaka huo kuliko setilaiti yoyote. Kihamba hakifanani na mashamba ya kahawa ya Brazili yaliyo wazi kama uwanja wa mpira: mibuni imo chini ya migomba, na migomba imo chini ya miti mirefu. Ukikitazama kutoka juu ni rahisi kukiita msitu, na ramani za setilaiti zimeshakosolewa kwa kosa hilohilo. Hapo mkulima aliyetunza kivuli cha babu yake ndiye anayeonekana mashakani, na kuthibitisha kwamba pale palikuwa shamba tangu zamani kunabaki mzigo wa upande wake.

Makosa ya ramani yanarekebishika. Gumu zaidi ni lile ambalo ramani haiwezi kuliona kabisa.

Kagera wana neno butura. Ni kuuza kahawa ikiwa bado mtini, pengine ikiwa ua tu. Ada ya shule imefika, mgonjwa yuko hospitali, na AMCOS, yaani chama cha ushirika cha wakulima, haitanunua mpaka mavuno. Mfanyabiashara anakuja na fedha taslimu, anakadiria magunia, anatoa bei ambayo mwenye shida hawezi kuikataa. Serikali imeipiga marufuku mara kwa mara, nayo inaendelea kwa sababu shida iliyoizaa ipo palepale. Sasa kahawa hiyo ikivunwa, ikaanikwa, ikapelekwa chamani kwa jina la mwenye kibanja, mfumo utasema imetoka kwenye nukta fulani ya Muleba, na utakuwa umesema kweli. Mnywaji wa kahawa Hamburg ataelekeza simu yake kwenye msimbo wa QR na kuona shamba la kijani. Hataona kwamba mwenye shamba alilipwa sehemu ndogo tu ya bei, miezi mingi nyuma, na msimu huu hana lake.

Magendo nayo hayakomi kwa tarakimu peke yake. Mpaka wa Tanzania na Uganda magharibi mwa Ziwa Victoria ulichorwa na Waingereza na Wajerumani kwa kufuata latitudo ya nyuzi 1 kusini, na kahawa inauvuka bila kuuona. Iliyovuka usiku itatafutiwa shamba la kuazima upande wa pili. Hapa, nakiri, teknolojia ina msaada wa kweli: kibanja cha robo hekta kikiandikiwa tani mbili, kompyuta itashtuka kabla ya karani. Ila ni lazima pawepo mtu wa kwenda kuangalia, naye asiwe ndugu wa mwenye mzigo.

Kuna hatari nyingine isiyosemwa sana. Sheria hairuhusu kahawa yenye asili inayojulikana kuchanganywa na isiyojulikana. AMCOS inakusanya kahawa za mamia ya wakulima kwenye ghala moja. Mmoja asipoorodheshwa, mzigo mzima unatiliwa shaka. Mnunuzi anayeogopa faini atafanya hesabu rahisi na kuhamia kwenye mashamba makubwa. Watakaoachwa nje tunawajua: mjane ambaye kibanja chake bado kinagombaniwa na shemeji zake, kijana aliyekodi, mzee asiye na simu.

Kwa hiyo nasimama hapa: ramani ya shamba ni mali, na mwenye mali ni mkulima. Anayelipia upimaji, mara nyingi msafirishaji, asiondoke nayo na kuifungia ndani, kiasi kwamba mkulima akitaka kumuuzia mwingine inabidi apimwe upya. Ikae kwa AMCOS, kwa niaba ya wanachama. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya mwaka 2022 inampa mtu haki ya kujua taarifa zake zinakusanywa kwa ajili gani na kudai zirekebishwe zikikosewa. Nani amemweleza hayo, kwa Kihaya, lugha yake, yule mama aliyebaki mlangoni?

Na stakabadhi anayopewa mkulima chamani ibadilike. Isiishie kwenye jina, kilo na tarehe. Ikiwa gunia linaweza kufuatwa kutoka Muleba hadi bandari ya Ulaya, bei yake nayo inaweza kufuatwa kurudi. Yule mtu wa chama arudi msimu ukiisha, na simu ileile, akae na mwenye kibanja barazani amsomee: mzigo wako uliingia namba hii, uliuzwa mnada wa tarehe hii, kwa bei hii kwa kilo, ushuru ni huu, makato ya chama ni haya, na kilichobaki ni hiki.