Kompyuta ya Kuchorea Nje: Tutazame Mistari Ilivyofuatana

Zana mpya inapoingia chuoni, aghalabu huzuka makundi mawili: moja la kuishangilia na jingine la kuilaani. Ndivyo ilivyotokea kwetu ilipoletwa kompyuta moja ndogo, aina ya Toughbook CF-19 ya Panasonic, ili itumike katika kuchora nje ya darasa. Ganda lake ni la aloi ya magnesi, nayo imeundwa kwa wafanyao kazi porini na penye vumbi. Kioo chake cha inchi 10.4 huzungushwa na kulazwa juu ya vibonye, ikawa mfano wa kile kibao cha jiwe walichoandikia babu zetu shuleni.

Walioilaani walitaja jua na uzito. Jua lina dawa: mchoraji na aketi kivulini, akitazame kitu kilicho mwangani. Uzito wake ni zaidi ya kilo 2, na mtoto wa darasa la tatu hawezi kuushika kwa mkono mmoja, basi aipakate. Kiganja nacho kinahitaji uangalifu, kwa kuwa vioo vingine huhisi mgandamizo wowote, na mtoto aegemezapo mkono hujikuta amechora asichokusudia.

Hayo ni madogo. Lililotutia wasiwasi ni kibonye cha kufuta. Mwanachuo wetu mmoja aliketi mbele ya mbuyu kipindi kizima. Alipiga mstari, akaufuta. Akapiga tena, akafuta tena. Mwishowe alituletea shina moja lililonyooka, safi kabisa, wakati mbuyu aliokuwa akiutazama umepinda na kuvimba kama mtungi. Kila alipokosea alirudi kwenye kioo, hakurudi kwenye mti. Kibao cha jiwe kilikuwa na ila hiyo hiyo: mtoto alikipangusa kwa kiganja, na mwalimu hakuona tena alikokwama.

Hata hivyo kompyuta inaweza kufanya ambalo kibao hakikuweza, na hapo ndipo tunapotofautiana na walaanifu. Ziko programu za kuchorea zinazohifadhi mistari kwa mfuatano wake na kuichora upya mbele ya macho yetu. Mchoraji Mwingereza David Hockney alipofanya maonyesho mjini Paris mwaka 2010, watazamaji waliona baadhi ya picha alizozichora kwa iPad zikijijenga mstari kwa mstari. (Wanaomtaja kama ushahidi kwamba penseli imepitwa na wakati wakumbuke kwamba alikuwa amekwisha kuchora kwa mkono zaidi ya miaka 50.)

Tulimpa mwanachuo mwingine mbuyu ule ule, tukamkataza kufuta. Picha yake haikuwa nzuri. Lakini tulipoirudisha tangu mwanzo, tuliona ameanza na majani, wingu zima la majani, kisha akatafuta pa kulishikiza. Ndiyo sababu matawi yake hayakutoka popote. Tungeiona picha hiyo kwenye karatasi tu, tungeandika “matawi si sahihi” na kumpa alama 4. Sasa tuliweza kumwambia: anza na shina, fuata tawi moja hadi ncha yake. Alichora tena kwa penseli, juu ya karatasi, na matawi yakashika.

Kwa maoni yetu basi, kompyuta hii si ya kila mtoto kuchorea kila siku. Kwa kweli ni zana ya mwalimu ya kupimia jinsi mtoto anavyotazama. Darasa zima na lichore kwa penseli. Mmoja mmoja aitwe kwa zamu kwenye kioo, kibonye cha kufuta kikiwa marufuku.

Mtakaokwenda kwenye mazoezi ya kufundisha msidhani kwamba jambo hili ni la vyuo peke yake. Vishikwambi vilivyotumika katika Sensa ya Agosti 2022 viligawiwa walimu, na katika baadhi ya shule huenda mkavikuta vikitumika kwa taarifa za ofisini tu. Si vigumu kama ile Toughbook, wala havina kibao cha vibonye cha kulalia, lakini kidole cha mtoto huacha mstari juu yake vilevile. Mwombeni mwalimu mkuu kimoja kwa kipindi cha asubuhi, kabla jua halijapanda, na mhakikishe kimechajiwa tangu jana yake.